UZI: Kubobea kwenye ADHD ya watu wazima – njia ya masomo, usaili, dawa, na makosa yanayoumiza wagonjwa

Mtarajali_Dom
Wakuu, habari za jioni. Naomba tuijadili kazi ya daktari bingwa wa magonjwa ya akili anayeshughulika na ADHD ya watu wazima, yaani wale waliovuka miaka 18 na bado umakini hauwakai. Watoto tuwaachie uzi wao. Daktari anayemaliza mafunzo tarajali apite wapi? Kazi yenyewe ikoje, tangu mgonjwa anapoketi hadi anapotoka na cheti cha dawa? Wanaoijua kwa undani watupe hatua, miaka, vipimo na dozi. Na zaidi, tuelezeni madaktari hukosea wapi.

Kaskazi_MMed
Mkuu, anza na hili: shahada ya ADHD haipo. Haipo Tanzania, haipo Kenya, haipo Uingereza. Kwanza unakuwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili kwa ujumla, anayeweza kumpokea mgonjwa wa saikosisi (anayeona au kusikia yasiyokuwepo) usiku wa manane na kumhudumia sawasawa, halafu ADHD inakaa juu ya msingi huo. Kuna sababu. Mtu mzima anayelalamika kwamba hatulii na hamalizi kazi anaweza kuwa na bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kwa vipindi), sonona, kiwewe, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, usingizi mbovu au mirungi. Kama hujawaona wagonjwa wengi wa mania (kile kipindi cha bipola cha kuchangamka kupita kiasi), ile mania ndogo inayokuja imevaa jina la ADHD itakupita mbele ya macho.

Kwa Tanzania: MD (shahada ya kwanza ya udaktari) miaka 5, mafunzo tarajali mwaka 1, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha MMed (shahada ya ubingwa) ya magonjwa ya akili miaka 3. Hapo ni miaka 9 kama hukusimama popote. Wengi husimama, kwa sababu ya ajira na kusubiri ufadhili. Kenya shahada ya kwanza ni miaka 6, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, halafu MMed miaka 3, na utambuzi wa ubingwa unatolewa na baraza la madaktari la huko, KMPDC.

Ndani ya MMed, ADHD ya watu wazima inapewa nafasi ndogo sana. Kwa hiyo utajipanga mwenyewe, na sehemu ya kujipanga ni tasnifu. Usichague mada ya jumla jumla. Chagua kundi ambalo tayari linakuja kliniki. Mfano, kliniki za methadoni (dawa ya kutibu waraibu wa heroini), ambazo Muhimbili ilizianza mwaka 2011. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba kati ya watu wanaotibiwa uraibu, karibu mmoja kati ya wanne au watano ana ADHD. Ukiwapima hao kwa utaratibu, utamaliza MMed ukiwa umeshawasaili watu kadhaa kwa kina, na hicho ndicho kitakachokupa uzoefu.

BintiShangani
Niongezee kwenye tasnifu, maana hapa ndipo wengi huharibu. Kipimo cha uchujaji kinachotumika zaidi ni ASRS, kilichotengenezwa na WHO na watafiti wenzao na kuchapishwa 2005. Kina maswali 18, na yale 6 ya kwanza ndiyo ya uchujaji. Majibu ni ngazi tano: kamwe, mara chache, wakati mwingine, mara nyingi, mara nyingi sana. Maswali 1 hadi 3 yanahesabiwa kuanzia "wakati mwingine". 4 hadi 6 kuanzia "mara nyingi". Akifikisha manne, anaendelea na usaili kamili. Hajathibitishwa kuwa na ADHD hapo, amefunguliwa mlango tu.

Sasa tazama lugha. Swali la kwanza linauliza kuhusu kumalizia vipande vya mwisho vya kazi baada ya sehemu ngumu kwisha. Ukiandika "mradi", mama wa Magomeni atakujibu "mimi sina mradi", kwa sababu kwake mradi ni kuku wa mayai au fedha za wafadhili. Andika "kazi uliyoianza", kisha mpe mfano: nguo zimefuliwa na kukauka, lakini kukunja na kuweka kabatini kunachukua wiki. Swali la sita ni baya zaidi. Asili yake inamzungumzia mtu anayesukumwa kama na mota. Lifasiri neno kwa neno na utapata watu wanaocheka au wanaodhani unauliza habari za majini. "Mwili unataka kwenda hata pale unapotaka kutulia" inaeleweka.

Utaratibu ni huu: wafasiri wawili kila mmoja peke yake, waoanishe, mtu wa tatu ambaye hajaiona asili airudishe kwenye lugha ya awali, halafu uketi na watu wa kawaida wachache na kumuuliza kila mmoja "umeelewa nini hapa?" Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayookoa kipimo.

Mtarajali_Dom
Asante dada. Basi tuingie chumbani. Usaili wa mtu mzima unafanyikaje hasa?

Kaskazi_MMed
Tenga saa mbili, uzigawe kwa ziara mbili. Mwenye ADHD akikaa kwenye kiti saa mbili mfululizo, dakika thelathini za mwisho ni majibu ya kukuridhisha uondoke.

Vigezo vya DSM-5 (mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili), vilivyotoka 2013: dalili 9 za kukosa umakini na 9 za kutotulia na pupa. Kuanzia miaka 17 zinatakiwa angalau 5 upande mmoja, wakati mtoto anatakiwa awe na 6. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane kwenye mazingira mawili au zaidi, zilete hasara inayoonekana, na baadhi ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12. Toleo la zamani lilidai kabla ya miaka 7. ICD-11, orodha ya magonjwa ya WHO, nayo inaiweka kwenye namba 6A05. Ili usiruke kitu, tumia usaili wenye mpangilio kama DIVA-5, uliotoka Uholanzi, ambao kila dalili unaiuliza mara mbili: sasa hivi, na utotoni.

Kipengele kinachobeba uzito wote ni hicho cha utotoni, na ndicho kinachofanywa kwa haraka. "Ulikuwa mtundu?" si swali. Kila mtu alikuwa mtundu, na aliyekuwa mpole akapotelea dirishani anajibu hapana na wewe unafunga faili.

BintiShangani
Hapo kwenye utoto nitoe namna ya kuuliza.

Kwetu mtoto wa miaka 11 huwa darasa la tano hivi. Kwa hiyo unatafuta darasa la tano kurudi nyuma. Mpeleke mahali palipo na kuta: darasa la tatu mwalimu wake alikuwa nani, alikaa dawati la ngapi, nani alikaa naye. Akishafika pale, uliza daftari la hesabu liliishaje, kalamu ngapi kwa wiki, sweta liliachwa wapi. Kisha muulize kuhusu madrasa au mafundisho ya kipaimara. Hayo ni mazingira ya pili, tofauti na shule, na mara nyingi ustadhi ndiye aliyemwona vizuri zaidi kuliko mwalimu mwenye watoto tisini.

Halafu mlete mtu mzima aliyemlea, hata kwa simu. Mama, shangazi, kaka mkubwa. Usimwambie jina la ugonjwa. Muulize: "Ukimtuma dukani vitu viwili, alirudi na vingapi?" Mama wa mtoto mwenye ADHD hachukui muda kufikiri. Alirudi na kimoja, au chenji ilibaki dukani, au alikutwa njiani anaangalia fundi baiskeli na amesahau alitumwa.

Ripoti za shule zinasaidia kama zipo. Soma maoni, alama usizitegemee. "Ana uwezo lakini hajitumi", "anaongea sana", "awe mtulivu", muhula baada ya muhula, kwa miandiko ya walimu tofauti. Miandiko mitatu tofauti inayosema jambo lile lile kwa miaka mitatu ni ushahidi wa uzito kuliko dodoso lolote lililojazwa leo.

Mitego miwili. Bweni huficha. Kengele ya kuamka, kengele ya prepu, zamu ya usafi, vyote vinashika mtu kwa nje, halafu anaporomoka mwaka wa kwanza wa chuo hakuna anayempigia kengele. Ukiona aliyefaulu kidato cha sita na akadisko mwaka wa kwanza, usiseme "alikuwa sawa". Mtego wa pili ni wasichana. Wengi wao hawarukiruki, wanasahau na kuota mchana, na wakiwa wakubwa wanatibiwa wasiwasi na sonona miaka mingi kabla mtu hajauliza kuhusu umakini.

Mzee_wa_Kijiwe
Samahani wataalamu, lakini haya si magonjwa ya juzi ya mitandaoni? Zamani mbona hayakuwepo?

Kaskazi_MMed
Yalikuwepo, mzee wangu, na yaliandikwa. Daktari Mskoti Alexander Crichton alieleza watu wasioweza kushika umakini mwaka 1798. George Still alitoa mihadhara London mwaka 1902 kuhusu watoto wa aina hii. Charles Bradley, Rhode Island, Marekani, mwaka 1937 aliwapa watoto Benzedrine (dawa ya kuchangamsha ya kundi la amfetamini) na kuona wanatulia na kusoma. Methilifenideti, dawa ya kuchangamsha inayotumika sana kwa ADHD, ilitengenezwa 1944 na Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, na jina Ritalin linatokana na jina la mkewe, Rita. Upande wa watu wazima, Paul Wender na wenzake wa Utah walichapisha majaribio ya dawa mwaka 1976. Makadirio yanayokubalika sasa ni kwamba takriban asilimia 2.5 ya watu wazima wanayo.

Ila hofu yako ina haki yake. Wapo wengi wanaojipima kwa video ya dakika moja. Kuna utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watu 1,037 tangu kuzaliwa. Mwaka 2015 ulionyesha kwamba wengi wa waliokuwa na dalili ukubwani hawakuwa nazo utotoni. Mwaka 2018 timu nyingine ilichunguza kwa makini watu wa aina hiyo na ikakuta wengi sana wana maelezo mengine, hasa vilevi na magonjwa mengine ya akili. Ndiyo maana tunang'ang'ania darasa la tatu.

KonzaMD
Nitaje vinavyofanana nayo, maana hapa ndipo mgonjwa huumizwa.

Swali ninaloliona linatenganisha haraka kuliko yote: "Lini mara ya mwisho ulikuwa sawa?" Mwenye sonona au bipola atakutajia mwaka, pengine mwezi. Mwenye ADHD atakaa kimya kidogo kisha aseme sijawahi. ADHD ni mstari, bipola ni mawimbi. Anayelala saa tatu kwa siku tano na hachoki, ana mipango mikubwa na pesa zinatoka mkononi, huyo usimguse na dawa ya kuchangamsha kabla hujamtuliza.

Mwenye wasiwasi, akili yake imenasa kwenye hofu moja. Ya mwenye ADHD inarukia chochote. Mwenye kiwewe kuna tukio, na dalili zina tarehe ya kuzaliwa.

Upande wa mwili: uliza kukoroma na kusinzia mchana. Pima damu kama anaonekana kupungukiwa. Tezi pima ukiona mikono inatetemeka, uzito unashuka na jasho halieleweki; si lazima kwa kila mtu. Uliza ajali ya bodaboda na kuzimia baada yake. Uliza selimundu, maana kiharusi kidogo kisichoonekana utotoni huharibu umakini. Uliza degedege na malaria kali. Tafiti za Kilifi na za Uganda zimeonyesha watoto waliopona malaria ya ubongo hubaki na upungufu wa umakini na wa kujifunza. Uliza dawa za VVU pia, kwa sababu efavirenzi ilikuwa na madhara ya akili na doluteguravi huwanyima wengine usingizi.

Halafu miraa, yaani mirungi. Kwa Kenya ni halali na kwa Tanzania imepigwa marufuku, lakini mdomoni ipo pande zote mbili. Kathinoni iliyomo ni ndugu wa amfetamini. Wapo watu wenye ADHD ya kweli wanaotafuna kwa sababu ndipo wanapoweza kumaliza hesabu za duka. Wapo pia wasio na ADHD ambao kutafuna usiku na kukosa usingizi ndiko kunakowavuruga. Muulize hivi: kabla hujaanza kutafuna, ukiwa na miaka kumi, ulikuwaje? Kama bado huelewi, mwombe apumzike wiki nne, umtazame tena. Na usichanganye miraa na methilifenideti kwa mtu mwenye presha. Zote mbili zinapandisha mapigo na presha.

Mtarajali_Dom
Na mtu akiwa na vyote viwili, ADHD na sonona, unaanza na kipi?

KonzaMD
Kinachoweza kuua kwanza. Mania, saikosisi, mawazo ya kujiua, pombe inayomtetemesha asubuhi: hivyo vinatangulia. Sonona nzito ifuate. Kama ni sonona nyepesi au wasiwasi mwepesi uliotokana na maisha kuvurugika, unaweza kuanza kutibu ADHD, na mara nyingi vinapungua vyenyewe mtu akianza kulipa kodi kwa wakati.

MfamasiaMkongwe
Nimesubiri tufike kwenye dawa. Niandike kwa mpangilio wa siku ya kwanza hadi mwezi wa tatu.

Kabla ya kidonge: presha, mapigo, uzito. Uliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40, kama mgonjwa huzimia akikimbia, kama kifua hubana. Sikiliza moyo. Kwetu ugonjwa wa moyo unaoletwa na homa ya rumatiki bado upo, kwa hiyo mlio usio wa kawaida ni ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na rufaa kwanza, dawa baadaye. Presha iliyo juu itibiwe kabla.

Methilifenideti ya muda mfupi: 5 mg asubuhi na 5 mg mchana, wengine huongeza ya tatu alasiri. Inafanya kazi saa tatu hadi nne. Panda kila wiki kwa 5 hadi 10 mg kwa siku. Kikomo cha Uingereza kwa watu wazima ni 100 mg kwa siku, lakini wengi hawafiki huko. Unasimama pale ambapo wiki mbili mfululizo kuongeza hakujaleta faida mpya, na kama madhara yamezidi unarudi hatua moja. Kosa la kwanza ni kupanda kwa haraka. La pili, ambalo ni la kawaida zaidi, ni kubaki kwenye 10 mg miezi mitatu na kuandika "haikusaidia".

Dozi ya mwisho ikichelewa, usingizi unapotea. Dawa ikiisha ghafla saa tisa alasiri, mgonjwa anakuwa mkali na mchovu kuliko kabla. Hapo unasogeza dozi ya pili mapema kwa nusu saa au saa nzima, ipishane na ya kwanza. Hamu ya kula ikipotea, ale vizuri kabla ya kidonge cha asubuhi na chakula kikubwa kiwe jioni. Mapigo akiwa ametulia yakizidi 120, punguza dozi na umpeleke kwa wa moyo. Akianza kusikia sauti au kushuku watu, simamisha.

Zipo za muda mrefu, kwa mfano vidonge vya 18, 27, 36 na 54 mg vinavyotoa dawa polepole kutwa. Vile havikatwi wala kusagwa. Lisdeksamfetamini, dawa nyingine ya kuchangamsha, huanza na 30 mg asubuhi, kikomo 70. Mwongozo wa NICE wa Uingereza wa 2018 unaweka hii na methilifenideti kama chaguo la kwanza kwa watu wazima, lakini kwenye maduka yetu usiihesabu.

Atomoksetini haiko kwenye kundi la dawa zinazodhibitiwa kama hizo. Kwa mtu mzima 40 mg kwa siku, baada ya angalau wiki moja panda hadi 80, kikomo 100. Inachelewa: wiki nne ndipo dalili za faida, na wengine hadi wiki kumi na mbili. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea, dawa inaachwa wiki ya tatu. Inywewe na chakula, maana tumbo tupu linaleta kichefuchefu. Fluoksetini na paroksetini, ambazo ni dawa za sonona, huifanya ijikusanye mwilini, kwa hiyo dozi ipande polepole zaidi. Macho ya njano au mkojo mweusi: iachwe siku hiyo hiyo, ini lipimwe.

Zote hizi haziendi pamoja na dawa za kundi la MAOI (dawa za zamani za sonona) wala ndani ya siku 14 baada yake.

BintiShangani
Mkuu mfamasia, tueleze na upatikanaji. Wagonjwa wanaandikiwa kisha wanazunguka mji mzima.

MfamasiaMkongwe
Methilifenideti iko Jedwali la II la Mkataba wa mwaka 1971 wa Umoja wa Mataifa. Maana yake kila shehena inahitaji kibali cha nchi inayoagiza na cha nchi inayotuma. Kibali kikichelewa, rafu ni tupu. Zaidi ya hapo, kamati ya WHO ilikataa kuiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021, na orodha za nchi nyingi huifuata ile.

Kwa hiyo daktari anayetaka kufanya kazi hii aanze na duka la dawa kabla ya kufungua kliniki. Nenda uzungumze na mfamasia wa hospitali, mkadirie: wagonjwa 20, wastani wa 30 mg kwa siku, ni miligramu 18,000 kwa mwezi, sawa na vidonge 1,800 vya 10 mg. Zidisha kwa miezi mitatu ya akiba. Ukimpa hesabu hiyo ana la kuombea kibali. Ukimwambia "tuletee kidogo", hapati kitu.

Cheti kiandikwe dozi na idadi kwa tarakimu na kwa maneno. Daftari la dawa zinazodhibitiwa lionyeshe tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio na sahihi mbili. Salio lihesabiwe kila wiki, si mwisho wa mwezi.

Dawa ikikatika sokoni, mtulize mgonjwa. Kuacha methilifenideti ghafla kwa dozi za kawaida hakuleti hatari ya mwili. Dalili zinarudi tu. Atomoksetini nayo inaweza kuachwa bila kupunguza taratibu. Klonidini, dawa ya presha ambayo wengine hupewa kwa ADHD, ndiyo isiyoachwa ghafla, presha inaruka.

Mwana_Mvita
Assalaam alaykum. Na mwezi wa Ramadhani je? Wagonjwa wa pwani wengi wanaacha dawa mwezi mzima bila kumwambia daktari.

MfamasiaMkongwe
Wa alaykum salaam. Swali muhimu, na liulizwe mwezi wa Shaabani, si Ramadhani ikishaingia. Kidonge cha muda mfupi kikinywewa na daku kinaisha saa mbili au tatu asubuhi, na cha mchana hakiwezekani. Kama kipo cha muda mrefu, kinywewe na daku pamoja na maji ya kutosha. Kinampeleka hadi alasiri. Kisinywewe baada ya futari, kitamkesha. Mwenye atomoksetini anaihamishia kwenye futari na haipotezi kitu. Ambaye ana kidonge cha muda mfupi tu, mpange naye: kazi inayohitaji kichwa ifanywe saa zile za mwanzo baada ya alfajiri. Pima uzito kabla ya mwezi na baada yake.

BintiShangani
Dawa haimfundishi mtu kupanga. Tiba ya fikra na tabia kwa ADHD ya watu wazima huwa vikao 8 hadi 12, na inafanya kazi kwa vitu vya mkononi kuliko maneno. Daftari moja tu, si matatu. Kazi igawanywe mpaka kipande cha kwanza kichukue dakika kumi. Ndoano ya funguo iwe mlangoni kwa ndani, usawa wa jicho. Siku ya mshahara, kodi itoke kwenye simu kabla ya kitu kingine, ukiwa bado uko kwenye foleni ya daladala.

Makosa yetu sisi watoa huduma: kumpa mbinu tano siku moja. Mpe moja, umwone wiki ijayo. Na kazi ya nyumbani iandikwe mbele yake, kwa mwandiko wake, akiwa bado kitini.

Kosa jingine linaniumiza sana. Kliniki nyingi zina sheria kwamba ukikosa miadi miwili unaondolewa. Kwa ADHD unamwondoa mtu kwa sababu ya dalili uliyomwandikia kwenye faili. Tuma ujumbe siku moja kabla, tuma tena asubuhi, na tenga saa moja kwa wiki kwa waliochelewa.

Leeds_Mbeya
Kwa wanaofikiria kwenda nje kujifunza. Uingereza ina njia mbili. Ya kwanza ni ndefu: PLAB (mtihani wa madaktari waliosoma nje ya Uingereza), usajili wa GMC (baraza lao la madaktari), mafunzo ya msingi ya magonjwa ya akili miaka 3, mitihani ya ubingwa wa akili iitwayo MRCPsych (karatasi A, karatasi B na ule wa vitendo uitwao CASC), kisha miaka 3 ya mafunzo ya juu. Ya pili ni MTI, mpango wa mafunzo ya muda, kwa daktari anayetoka nchi zetu: unakaa hadi miezi 24, unafanya kazi chini ya usimamizi na kurudi nyumbani. Kwa aliyekwisha kuwa na MMed, ya pili inafaa zaidi, mradi uombe mapema upangiwe hospitali yenye kliniki ya ADHD ya watu wazima. Usipotaja, utapelekwa wodi ya kawaida na miezi 24 itaisha.

Kuna pia kozi fupi za UKAAN, mtandao wa Uingereza wa ADHD ya watu wazima ulioanza 2009. Na tusisahau karibu: Afrika Kusini ina mwongozo wake wa ADHD ya watu wazima uliotolewa 2017 na chama chao cha madaktari bingwa wa akili, na umeandikwa na watu wanaojua mfumo wa afya wenye upungufu.

Mtarajali_Dom
Kazi hii inalisha familia? Na mtu ajipangeje ili asizidiwe?

Kaskazi_MMed
Kwa ADHD peke yake, kwenye hospitali ya umma, haiwezekani. Utaona kila aina ya mgonjwa, na ADHD itapewa nusu siku au siku moja kwa wiki. Wengine huongeza kliniki binafsi jioni.

Kuzidiwa kunakuja kwa namna moja inayotabirika. Daktari anahesabu wagonjwa wapya na kusahau wanaopandishwa dozi. Chukua wapya 4 kwa wiki. Kila mmoja yuko kwenye kupandishwa dozi kwa wiki 6. Kufikia wiki ya sita una watu 24 wanaohitaji kuguswa kila wiki. Dakika 15 kila mmoja ni saa 6, juu ya saa 8 za wapya wanne. Kama una siku moja tu kwa wiki, tayari umeshindwa. Chukua wapya 2, au fundisha muuguzi apige simu, aulize maswali sita yale yale, na mgonjwa apime presha na mapigo zahanati ya jirani na kutuma picha ya karatasi. Baada ya hapo, presha, mapigo na uzito kila miezi 6, na kila mwaka mzungumze kama dawa bado inahitajika.

Usiingie kwenye biashara ya mazungumzo ya mtandaoni ya dakika kumi na cheti. Juni 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwafungulia kesi viongozi wa kampuni iliyokuwa ikitoa dawa hizi kwa njia hiyo. Na usiwe na kliniki ambayo kila anayeingia anatoka na utambuzi wa ADHD.

KonzaMD
Wenye kutibu madereva na bodaboda waandike kwenye faili saa za kazi. Takwimu za kitaifa za Sweden zilizochapishwa 2014 zilionyesha ajali mbaya za barabarani kwa wanaume wenye ADHD zilipungua katika vipindi walivyokuwa wakitumia dawa. Kwa dereva wa usiku, dozi ya asubuhi haimlindi. Ipangwe kwa zamu yake, na usingizi wake wa mchana ulindwe.

Leeds_Mbeya
La mwisho kutoka kwangu, kwa sababu wengi wa ndugu zetu wanakwenda Uarabuni kufanya kazi. Falme za Kiarabu zinaidhibiti methilifenideti vikali, na kibali huombwa kabla ya safari. Mgonjwa akisema ana safari, mwandikie barua yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa, dawa kwa jina lake la kitabibu, dozi, idadi ya vidonge anavyobeba na tarehe, yenye muhuri na namba yako ya usajili. Aulize ubalozi wa nchi anayokwenda mapema, wiki kadhaa kabla, na asipopata kibali mhamishie atomoksetini mapema ili iwe imeshika kabla hajaondoka. Vidonge vibaki kwenye pakiti yake yenye lebo ya duka la dawa, visihamishiwe kwenye kichupa kingine.